Kadi ya Dabo ya Mzee Jilala

Eustace Jilala alifanya kazi ya ustesheni masta miaka thelathini na minne, akazunguka stesheni za Usoke, Urambo na Kaliua, na hakugonganisha treni hata mara moja. Hilo alikuambia hata kama hukumuuliza. Ukimuuliza saa alikutajia saa, kisha akakuongezea na hilo la treni. Watu wa mtaa wake wa Cheyo walikuwa wamelizoea kama mtu anavyomzoea jogoo wa jirani.

Siri ya kutogonganisha treni, alivyoieleza yeye, haikuwa akili bali utaratibu. Kati ya stesheni na stesheni kuna njia moja, na katika njia moja haziingii treni mbili. Stesheni ya nyuma inapiga simu: naomba ruhusa ya kuleta treni namba fulani. Unatazama, njia ni nyeupe, haina treni, unajibu: ruhusa imetolewa. Unaandika kitabuni saa na dakika. Asiyeomba hapiti, hata awe amembeba waziri, na anayeomba kwa utaratibu hanyimwi. Ndivyo alivyoishi kazini na ndivyo alivyoishi nyumbani. Marehemu mkewe alikuwa akisema kuwa kumwomba Eustace chumvi mezani ni kazi ya dakika tano, lakini ukiomba vizuri unapewa.

Alipostaafu alijenga Cheyo, akatundika mizinga yake ya nyuki huko Sikonge, na wanamtaa wakampa kazi ambayo hakuiomba: kushika fedha za kikundi cha kufa na kuzikana. Walikuwa wanachama thelathini na moja. Ofisa wa benki aliwashauri wafungue akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Wakamsikiliza, wakamshukuru, wakatoka nje, na hapohapo kwenye ngazi wakakubaliana fedha zikae katika akaunti ya Mzee Jilala mwenyewe. Watia saini watatu wa nini, na mtu mwenyewe hajawahi kugonganisha treni?

Mwaka huo Octavian Lukumani, seremala wa mtaa wa Ng'ambo na katibu wa kikundi, alikuwa anamwoza binti yake Recheli. Michango ikapita, na Mzee Jilala akatoa mchango wa dabo. Jambo hilo lilizungumzwa mtaani. Mchango wa harusi una madaraja yake: ukitoa wa singo unaletewa kadi ya mtu mmoja, ukitoa wa dabo unaletewa kadi ya watu wawili, na mlangoni mwa ukumbi husimama watu wasiojua undugu. Mzee Jilala alikuwa mgane wa miaka sita. Mgane anayetoa mchango wa dabo ana hesabu yake kichwani.

Hesabu yenyewe iliitwa Levina, mama Bundala, mjane wa mtaa wa Chemchem, mwanachama wa kikundi na muuza karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu. Kila Jumatano Mzee Jilala alinunua kwake kibaba cha matobolwa. Meno yake yalikwisha kushindwa na matobolwa miaka mingi, kwa hiyo akifika nyumbani aliwamwagia kuku wa jirani. Lakini Jumatano iliyofuata alirudi tena kununua.

Mpango wake ulikuwa huu. Kadi ikifika ataipeleka Chemchem mwenyewe, ataiweka mezani, atasema, "Imeandikwa dabo," kisha atanyamaza. Hotuba yote ilikuwa hiyo, na aliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea.

Jumatano moja jioni simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Octavian: "Ndugu, pokea kadi yako ya mwaliko." Chini yake kulikuwa na faili. Mzee Jilala akavaa miwani. Alitaka kujua jambo moja tu, kama wamemwandika singo au dabo, kwa maana kamati za harusi nazo zikimwona mgane hujiamulia.

Akabonyeza. Simu ikamwonya kwamba hicho si picha bali ni programu, na haitoki katika duka linalofahamika, je, unaruhusu? Yeye aliona ni ombi, limekuja kwa utaratibu, tena limetoka kwa Octavian, mtu anayemjua tangu akijifunza kupiga randa kwa baba yake. Akaruhusu. Likaja la pili: ili kadi isomeke kwa maandishi makubwa, washa Ufikivu. Kwa macho ya miaka sitini na saba hiyo ilikuwa heshima. Akaruhusu. La tatu liliomba kusoma ujumbe wake mfupi. Akaruhusu na hilo. Treni tatu kwa dakika moja, na stesheni masta mwenyewe ndiye aliyeshika bendera ya kijani.

Kadi haikufunguka. Iliandika "subiri", kisha alama yake ikatoweka kwenye kioo. Akaulaumu mtandao, akaenda kula.

Kuanzia hapo simu ikawa na joto hata ikiwa mezani, na chaji ikawa inakwisha kabla ya adhuhuri. Ijumaa alifungua programu ya benki atazame kama ada za wanachama zimeingia. Ukurasa ulikuwa uleule, rangi ileile, nembo ileile. Akaandika namba ya siri. Ukamwambia amekosea, arudie. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa tusi, lakini alilimeza, akarudia.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa anakunywa uji. Simu ikawaka yenyewe, kioo kikawa cheusi tii, yakatokea maandishi meupe: "Simu inasasishwa. Usizime." Chini yake kiduara kidogo kilikuwa kinazunguka. Mtu mwingine angemalizia uji wake. Mzee Jilala aliweka kijiko chini. Kile alichokisikia moyoni alikwisha kukisikia mara moja tu, Usoke, mwaka wa mvua nyingi, behewa lilipoachia breki likaanza kutembea peke yake: kuna kitu kinakwenda katika njia yangu, na mimi sijatoa ruhusa. Halafu ile amri ilimkera. Usizime? Wewe nani?

Hakubishana nayo. Alichukua pini, akachomoa laini, kisha akakandamiza kitufe mpaka simu ikafa. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na saba, akaandika.

Kisha akapanda baiskeli mpaka Ng'ambo kwa Rizwan, muuzaji na fundi wa simu, ambaye babu yake aliuza vitambaa katika duka hilohilo.

"Shikamoo, Mzee Jilala."

"Marahaba. Nipe simu yako nipige benki."

"Yako ina nini?"

"Nimeifungia njia."

Rizwan akampa. Mzee akatoa kadi ya benki mfukoni, akaigeuza, akapiga namba iliyochapwa nyuma yake.

"Hapo umefanya la maana," Rizwan alisema. "Wengine huipigia namba aliyowatumia mwizi, wanamweleza mwizi shida yao, na mwizi anawapa pole."

Benki walimfungia akaunti. Laki tisa zilikuwa zimekwisha kuondoka saa tatu na dakika kumi na nne. Muamala wa pili, uliotaka kuzoa zilizobaki, ulikatika katikati saa tatu na kumi na saba. Wakampa namba ya malalamiko, wakamwambia aende polisi akachukue RB, namba ya taarifa ya wizi, na wakamwambia uchunguzi utachukua muda bila kusema muda gani.

Rizwan aliiwasha simu mgonjwa bila laini, katika ile hali salama ambayo simu huamka na vitu vyake vya kiwandani tu. Akapekua, akapata programu isiyo na alama wala jina la maana.

"Hii haikuwa kadi, mzee wangu. Huwa inakuja kwa sura ya kitu unachokitaka. Ukishaipa Ufikivu, umeipa macho yako na kidole chako. Ruhusa ile iliwekwa kwa ajili ya vipofu, simu iwasomee kilichoandikwa. Mwizi akiipata anasoma yeye. Ukifungua benki, anaitandika juu ya benki karatasi yake inayofanana, unamwandikia namba ya siri kwa mkono wako. Benki ikileta ujumbe wa kuthibitisha, anausoma yeye, wewe huuoni. Halafu anakufunika kioo cheusi, afanye kazi bila kusumbuliwa."

"Na lile la usizime?"

"Ukizima anakosa njia."

Mzee Jilala alijisikia vizuri kwa muda wa kama sekunde nne.

"Nitaivua ruhusa zote," Rizwan aliendelea, "nitaitoa hii programu, halafu hata hivyo siiamini. Nitatoa picha zako na namba za watu, kisha naifuta simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Namba zako za siri zote, za benki na za fedha za simu, ubadilishe leo, tena kwa simu nyingine, hii usiiguse." Akakisogeza kioo karibu na macho. "Mzee, kuna jingine. Leo saa mbili imewatumia watu wa kikundi chenu kadi hiyohiyo. Wote. Kwa jina lako."

Hapo ndipo Mzee Jilala alipovuta kigoda. Laki tisa zilikuwa nyingi, ila asali ingezilipa kwa misimu miwili. Jina lilikuwa kitu kingine. Alilijenga miaka thelathini na minne kwa kutofanya lolote la ajabu, na sasa lilikuwa linabisha hodi katika simu thelathini kwa wakati mmoja, likiomba ruhusa.

Octavian alitokea mlangoni akihema, vumbi la mbao kwenye nywele. Alikuwa amesikia habari za kadi, na kwake mwenyewe fedha za mbao zilikwisha kuondoka tangu Alhamisi bila kujua zilipopitia.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

Mzee Jilala alimtazama.

"Mzee, mimi nilitumiwa na shemeji yangu wa Nzega. Sikujua, wallahi sikujua. Lakini na wewe, mtu mwangalifu namna hiyo, ulifunguaje?"

"Kwa sababu ilitoka kwako," alisema Mzee Jilala. Akampita, akatoka nje.

Shikamoo haikuitikiwa. Si jambo dogo hilo. Unaweza kumnyima mtu mkopo mkaendelea kuzikana, lakini shikamoo ukiiacha ikining'inia hewani, kila aliyekuwepo ataondoka nayo kwake. Rizwan alijishughulisha na bisibisi ambayo hakuwa na kazi nayo.

Rizwan aliandika namba za wanachama kwenye karatasi, akamwazima simu. Mzee alipiga namba tatu. Wa kwanza alikata. Wa pili alimwambia, "Wewe tapeli, Mzee Jilala namjua, hawezi kukosea." Wa tatu alimtukana tusi la kawaida la Kinyamwezi. Wote watatu walikuwa wanalitetea jina lake. Akarudisha simu, akapanda baiskeli.

Alizunguka nyumba kwa nyumba, jua likipanda. Kila mlangoni alishuka, akavua kofia, akasema maneno yaleyale: "Nilichokutumia leo si changu. Usikifungue. Kama umefungua, zima simu, chomoa laini, twende kwa jirani tupige benki." Wengine walikuwa hawajaiona. Wawili walikuwa wameona faili lakini simu zao zilikuwa zimejaa, hazina nafasi. Wakasifiwa kwa hilo. Mmoja alikuwa ameruhusu mara mbili, alipofika kwenye ya tatu umeme ukakatika na simu isiyo na chaji ikazimika. Tanesco haijawahi kuombewa dua kama ilivyoombewa siku ile.

Kona ya kwenda Chemchem aliipita mara mbili. Mara ya kwanza alijiambia kuna wazee wanaokaa mbali zaidi, waanzwe hao. Mara ya pili hakujiambia kitu. Ukweli ni kwamba aliona haya. Aliweza kuvua kofia mbele ya watu ishirini na wanane, lakini si mbele ya yule mmoja, na kwa hiyo akamwacha wa mwisho.

Alifika saa nane. Levina alikuwa kivulini anachambua karanga.

"Karibu, Baba Tekla," alisema. Tekla alikuwa binti wa Mzee Jilala, ameolewa Mwanza. "Leo si Jumatano."

"Mama Bundala, ile kadi."

"Nimeifungua saa sita. Imeniomba ruhusa nikaipa, ikasema nisubiri. Ndiyo nasubiri. Kisha wakaniletea kwamba akaunti yangu imefungwa, niingie nithibitishe. Nimethibitisha."

Mzee Jilala hakukaa. Aliomba pini, akachomoa laini, akaizima simu, akaenda kwa jirani na kadi ya benki ya Levina mkononi na Levina nyuma yake. Kazi yote aliifanya barabara, hakuruka hatua. Benki wakafunga akaunti. Laki mbili na nusu zilikuwa zimeondoka saa saba kasoro dakika tano. Zilikuwa za bati za chumba cha uani, alizokuwa akizikusanya tangu mavuno ya mwaka juzi.

Walirudi kivulini. Levina akarudia karanga zake.

"Kwa nini ulifungua?" aliuliza Mzee Jilala, na akajisikia akiuliza swali ambalo aliulizwa asubuhi.

"Ingekuwa ya mwingine nisingefungua," alisema Levina. "Imeandikwa kadi ya mwaliko, imetoka kwako. Nikajua umenialika harusini kwa Recheli."

Mzee Jilala aliikamua kofia yake kana kwamba ilikuwa imelowa. Katika maisha yake yote hakuwahi kutamani kiasi kile kuwa mtu mwingine.

"Mama Bundala, saa nne nilikuwa najua. Ningekuja hapa kwanza ungekuwa na bati zako. Nimekuacha wa mwisho kwa sababu nilikuonea haya. Wale wezi hawakukuibia peke yao."

Levina alilifikiria hilo. Hakuwa mtu wa kuharakisha.

"Hilo ni kosa," alisema. Akainuka, akaingia ndani. Mzee Jilala aliona ni haki yake, akaanza kuitafuta baiskeli kwa macho. Levina akatoka na kikombe cha chai na kisahani cha matobolwa, akaviweka mbele yake.

"Chovya kwenye chai mpaka yalainike," alisema. "Najua huwezi kuyatafuna. Miezi kumi sasa kuku wa jirani yako wananenepa kwa jasho langu, jirani mwenyewe aliniambia sokoni. Nami nimekuwa nikikuuzia."

Akachovya, akala. Machozi yalimtoka, na kulikuwa na moshi wa jikoni karibu ambao angeweza kuusingizia, lakini hakuusingizia. Alikuwa amepokewa na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kumfungia mlango.

"Bati nitazinunua mimi," alisema alipomaliza.

"Utazinunua," alikubali Levina. "Geji ishirini na nane. Usiniletee zile nyepesi."

Kutoka Chemchem hakwenda Cheyo. Alikwenda Ng'ambo, kwenye karakana ya Octavian. Octavian alikuwa anapiga randa ubao wa mninga ambao haukuhitaji tena kupigwa randa. Alipomwona aliacha, akafungua mdomo aanze upya, na Mzee Jilala akainua mkono juu, kiganja mbele, kama anavyosimamishwa dereva wa treni.

"Marahaba," alisema.

Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Shikamoo yenyewe ilikuwa ya saa nne. Octavian alikaa juu ya ubao, akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi, akajipaka zaidi.

"Kesho kikundi kinakaa," Mzee Jilala alisema. "Tutasimama wote wawili, nitaeleza mimi. Laki tisa ni zangu kulipa. Na Jumatatu tutakwenda benki tukaombe ile akaunti ya watia saini watatu."

"Na la treni utawaambia?"

"La treni sitalisema tena." Akatazama huku na huku. "Kadi yangu iko wapi? Ya karatasi."

Octavian alivuta droo, akachambua bahasha, akaitoa moja, akasita.

"Kamati wamekuandika singo, Mzee. Walisema, ni mgane."

"Futa."

Octavian alichomoa penseli ya useremala sikioni, akakata lile neno, akaandika dabo juu yake kwa herufi kubwa. Kisha akaishusha penseli kwenye mstari wa majina, palipokuwa na Eustace Jilala na nafasi tupu, akangoja.

"Na hapa niandike nani?"

Mzee Jilala aliichukua kadi mkononi mwake, akaipuliza vumbi la mbao, akaitia katika mfuko wa shati.

"Hapo usiandike," alisema. "Sijaomba ruhusa bado."